Kila Daktari Akifungua Kinywa

"Shikamooni, wazee wangu. Leo nawaona vizuri. Sasa, baba, kuhusu yale majibu..."

Uso wa daktari ukaganda kwenye kioo, kinywa wazi, kisha ukatoweka. Laptopu ikaandika kwamba haina mtandao.

"Imekata tena!" Fundi cherehani akajipiga paja. "Mtu akifungua kinywa tu, inakata!"

"Iache ipumzike," mkewe akasema kutoka kwenye kochi, simu yake mapajani. "Na wewe pumzika. Chai yako inapoa."

Angepumzika vipi? Figo za mkewe zilikuwa zimechoka zote mbili. Kila wiki alilazwa kando ya mashine imsafishe damu, akarudi amenyauka kama mchicha wa juzi. Ndipo fundi cherehani alipopanda basi hadi hospitali kubwa, mji wa mbali, akatolewa damu na kupitishwa kwenye mashine za kila namna, waone kama anaweza kumpa mkewe figo yake moja. Daktari alisema majibu hayafai kusemwa kwa simu ya vitufe kama ile ya mzee. Wangeonana kwa video kwenye laptopu, wote wawili wakiwa wamekaa.

Na sasa laptopu ilikuwa imemwekea ngumu. Aliizima akaiwasha. Aliipandisha ruta, kile kisanduku cha mtandao, juu ya kabati, akaishusha, akakaa nayo ubavuni kama anayeota moto. Waifai ilishika vizuri, taarifa ya habari ikapita bila kigugumizi. Daktari akipiga, inakata.

"Mashine gani hii inanichagulia wa kuongea naye?"

"Wewe ni fundi cherehani, si fundi kompyuta," mkewe alimtania, akasogeza sahani. "Kula kwanza. Hiyo nyama yote yako."

Siku hizi alimpikia mwenyewe, ugonjwa na yote, kisha akakaa kumtazama akila kana kwamba anahesabu matonge. Kweli mzee alikuwa amekonda. Suruali zake alikuwa amezipunguza kiuno, akazipunguza tena. Wateja walipomuuliza kama anafunga, alijibu kuwa anayeuguza naye huugua.

Alipoona maji yamezidi unga, alimwita fundi wa kompyuta, mama mmoja mnene mwenye duka mtaa wa pili. Mama yule akavaa miwani, akakunja mikono ya gauni kama anayetaka kufua. Akaisahaulisha laptopu ule mtandao, akauingiza upya. Akazima mpangilio unaoilaza waifai ili kuokoa betri. Akaweka programu mpya. Akajaribu, mtandao ukashika kama gundi.

"Mbona laptopu ni nzima kuliko mimi," akasema. Akafungua ukurasa wa kuiendesha ruta, akasoma, akarudia kusoma. Mke wa mzee alikuwa ameenda jikoni kuleta maji. Mama fundi akashusha sauti.

"Mzee, nani mwingine anajua nenosiri la ruta hii?"

"Mke wangu. Ndiye aliyeifunga. Mimi hata kuiwasha nimejifunza juzi."

"Basi hapa hakuna ugonjwa. Kuna simu humu ndani inaifungia laptopu yako mlango, halafu baadaye inaufungua. Nimeshaufungua, na nenosiri nimelibadilisha." Akaanza kukusanya vitu vyake. "Mengine ni ya nyumbani kwenu, kaka yangu."

Mkewe aliporudi na bilauri alikuta mgeni ameshaondoka. Akamtazama mumewe usoni, akaiweka bilauri mezani polepole.

"Ni wewe," mzee akasema.

"Ni mimi."

Alitaka kufoka, akajizuia. "Hutaki figo yangu? Nimekukosea nini, hata uone afadhali ufe kuliko kubeba kitu changu?"

"Usiseme hivyo, mume wangu."

"Niseme nini basi?"

Mkewe akaketi kando yake, akaushika mkono wake, akavipapasa vidole vyenye sugu za mkasi. "Nilitaka ukae mzima siku mbili tatu zaidi. Nikusikie unabishana na wateja. Nikuone unacheka. Sikutaka kingine."

"Hiyo hofu ya kisu tu!" Moyo wake ulikuwa umeshalainika. "Watu wangapi wanatoa figo na wanadunda? Na wewe ukienda, huo uzima nitaufanyia nini? Nitaushonea koti?"

Mkewe alijaribu kucheka, kikatoka kilio.

Laptopu ikaanza kuita. Mkewe akaikwapua simu yake, akabonyeza, akabonyeza tena. Ruta haikumtambua.

"Usiipokee," akasema. "Nakuomba. Leo tu."

"Tumeogopa vya kutosha, bibie," fundi cherehani akasema kwa upole, akapokea.

Picha ilikuwa safi, haijawahi kuwa safi namna ile. Daktari alivua miwani, akasogea karibu na kamera.

"Afadhali leo tumeonana, baba. Pole sana. Mama nilishamweleza kwenye simu yake, naye ameniambia ameshakuambia na umelipokea jambo hili kiume. Uvimbe ukishatapakaa kwenye ini namna hiyo hatuupasui tena, lakini dawa za kupunguza maumivu tunazo. Niambie, yameshaanza?"