Jiwe la Mizani

"Kilo thelathini na tano," Sista Kulwa alisoma mizani ya wodi. Ilikuwa nusu kilo zaidi ya juzi. Kwa wiki tatu Salha alikuwa akificha chapati chini ya mto badala ya kuzila, na daktari alisema akifikisha thelathini na tano ataruhusiwa.

"Alhamdulillahi," mama yake akadakia. "Twende nyumbani, mwanangu."

Lakini kanga ya Salha ilikuwa imelemea upande mmoja. Sista akafungua fundo la pindoni, akatoa jiwe la mizani la kilo moja, lile la kupimia maharage dukani.

"Nani kakufundisha haya?"

Salha alimtazama mama yake.

"Nimemfungia mimi," mama alisema bila kuona haya. "Kila akizidi kulala hapa, mtaa mzima unasema ana ukimwi. Bora akondee ndani kwangu, mlango umefungwa."

"Mama, huyu atakufa."

"Nipe jiwe langu. Wateja wananingoja."

Sista akamwambia Salha apande tena. Mshale ukatetemeka, ukasimama kwenye thelathini na nne. Salha akauinamia, akausoma mara mbili: nusu kilo chini ya juzi. Kwa mara ya kwanza tangu alazwe, akatabasamu.