Vidole vya Mwalimu Mwanakheri

Mwalimu wa ushonaji anapostaafu, glavu za ajabu za shule huhamisha ufundi wote wa vidole vyake kwa mwanafunzi mmoja. Mwanakheri alimchagua Tumpe wa kidato cha nne, ambaye sasa anashona suti za maharusi, na mwalimu hajajuta.

Jumamosi Tumpe alikuja kumshonea kifungo cha blauzi, maana mwalimu hajui tena hata kutunga sindano.

"Asante, mwanangu. Mungu akuzidishie."

"Mimi ndiye wa kushukuru, mwalimu." Tumpe alitazama vidole vyake. "Ila kila nikishika sindano, vinataka kushona kigauni cha bluu cha mtoto mchanga. Kilikuwa cha nani?"

Mwanakheri alifikiri, akatabasamu.

"Hata sikumbuki."

Nyuma yake, ukutani, mwanawe mchanga alitabasamu pichani, amevaa kigauni cha bluu.