Nukta za Kisima cha Saba

Kwa mara ya thelathini na tisa, mstari ulipita chini ya nukta za marehemu.

Mchora modeli aliutazama kwenye kioo cha kompyuta, kisha akaufuta. Visima sita vilikuwa vimekubali. Cha saba kilikataa. Nukta zake kumi na mbili, moja kwa kila mwezi, zilikuwa joto lililopimwa chini kabisa ya kisima hicho, na aliyelipima ni kaka yake.

Nukta hizo ndizo zilizomfukuzisha kazi. Kituo cha umeme wa jotoardhi kilikuwa kikirudisha maji baridi ardhini baada ya kutumia mvuke wake, na visima vyote vya eneo lile vikawa vinapoa kidogo kidogo. Cha kaka hakikupoa. Mkuu wa kituo alimsimamisha mbele ya kikao, akamuuliza, "Wenzake wote wamepoa, hiki chako kimekula kiapo?" Watu wakacheka. Barua ikasema amepika takwimu. Mwaka haukuisha, akafa. Kisima chenyewe kilikuwa kimeshabomoka ndani na kuzibwa kwa saruji, kwa hiyo hakuna ambaye angeweza kushusha kipimo tena.

Mama hakulia sana msibani. Alimvuta binti yake jikoni, akamwambia jambo moja tu.

"Mwenzio amezikwa na jina la mwongo. Wewe ndiye uliyebaki kule kituoni."

Binti alikuwa amemuuliza kaka mwenyewe kuhusu nukta hizo, hospitalini, siku chache kabla ya kifo. "Achana nazo, mdogo wangu," kaka alisema, akageukia ukutani. "Kisima hakina mdomo." Aliyasikia kama maneno ya mtu aliyechoka kuonewa.

Daftari la vipimo vya kaka alilitunza kwenye droo ya ofisi. Mwandiko ulikuwa umenyooka na kurasa zilikuwa safi, bila doa la tope wala grisi. Ndivyo kaka alivyokuwa, mtu wa kunawa mikono mara tatu kabla ya kula.

Modeli aliyoichora dada yake ilikuwa mwamba wote wa chini ya kituo, uliokatwa vipande elfu kumi ndani ya kompyuta. Kila kipande kilipewa joto lake, maji yake, na wepesi wake wa kupitisha maji. Kabla ya kuaminiwa kutabiri kesho, modeli ilipaswa kwanza kuirudia jana bila kukosea. Isipoirudia, mchora modeli huubadilisha mwamba.

Akaubadilisha. Aliufanya mgumu zaidi karibu na cha saba, mstari ukapanda kidogo. Akaweka ukuta wa mawe usiopitisha maji kati ya kisima na yale maji baridi, ukapanda tena. Hakuna aliyewahi kuuona ukuta huo. Lakini pia hakuna aliyewahi kuona kwamba haupo. Mwisho akaweka mkondo wa moto ukipanda kutoka chini kabisa.

Mara ya arobaini na nne, mstari ulipita katikati ya nukta zote kumi na mbili kama uzi kwenye shanga. Alifunika uso kwa viganja, akakaa hivyo mpaka wenzake walipoondoka kwenda kula.

Mkuu alimpokea bila kumkaribisha kiti.

"Modeli haina undugu, binti."

"Ndiyo maana nimeleta modeli, Mkuu. Undugu nimeuacha nyumbani."

Mkuu akainamia karatasi. Hakuziangalia nukta. Aliangalia doa jekundu la mkondo wa moto chini yake, akaliwekea kidole.

"Kumbe hapa chini kuna moto wote huu?"

"Kama namba za kaka ni za kweli."

"Basi ni za kweli," alisema Mkuu.

Mwezi uliofuata mtambo wa kuchimba ulisimikwa pembeni ya ile saruji, na barua ikatoka ikiwa na muhuri: marehemu alipima kwa uaminifu, kituo kinaomba radhi. Mama alinawa mikono kabla ya kuishika. Akataka asomewe. "Rudia hapo kwenye uaminifu," akasema. Akarudiwa. Akaitia kwenye fremu, pembeni ya picha ya mwanawe, na tangu siku hiyo akaanza tena kupita barabarani kichwa kikiwa juu.

Jumamosi alikuja Koleo, mzee aliyekuwa akifuatana na kaka kwenye visima miaka yote, sasa amestaafu. Alikunywa chai, akasomewa barua, akasema "Mungu mkubwa" huku akitazama miguu yake. Alipoaga, mchora modeli alimsindikiza. Kutoka njiani walisikia mtambo ukinguruma upande wa kituo.

"Wewe dada ni fundi," alisema Koleo. "Mimi nilijua hiyo kompyuta itatuumbua tu."

"Ingewaumbuaje, na mlipima sawasawa?"

Koleo alisimama. Akageuka nyuma kuhakikisha mama hasikii.

"Ina maana hakukwambia? Waya ulikatika mwezi wa pili, kipimo kikazama humo humo. Tukaomba kingine, tukaambiwa tuvumilie, ila namba wakazitaka kila mwisho wa mwezi. Tulikuwa tunazitungia mezani kwangu, dada. Za mwezi wa nane alizitaja mke wangu, akimenya vitunguu."