Sauti Kumi na Nne

"Semeni tena," Ewoi aliamuru.

"Sijui kusoma," waliitikia akina mama kumi na wanne ndani ya lori.

"Halafu?"

"Naomba kusaidiwa."

"Halafu?"

"Lomenen."

Ewoi aliridhika. Lomenen alikuwa ndugu yake, mwakilishi wa wadi aliyetaka kurudi kwa miaka mitano mingine, na picha zake zilizochapishwa Lodwar zilifunika lori lote. Kwenye kituo cha kura, asiyejua kusoma humtaja mtu wake kwa sauti mbele ya msimamizi na mawakala, kisha anawekewa alama. Na Ewoi alikuwa wakala wa Lomenen.

"Nitakuwa nimekaa mle ndani," alisema, akichezea ufunguo wa bomba la maji uliokuwa shingoni mwake. "Nisiyemsikia, kesho asinionyeshe mtungi wake."

"Na ukisinzia je?" Akoru aliuliza.

Lori zima lilicheka. Ewoi hakucheka.

Awoi, mkubwa wao wote, aliitazama shingo ile. Mwaka wa ukame, mama yake Ewoi alipougua, ni yeye aliyembeba mtoto huyu mgongoni. Hakumchukia. Lakini uchaguzi uliopita walisema kama walivyoambiwa, na zahanati waliyoahidiwa ilikuwa bado mawe manne kwenye mchanga. Binti yake alipatwa na uchungu, akajifungulia njiani kuja hospitalini Kakuma. Hakufika. Kilichofika ni kitoto, Akaale, ambaye sasa alikuwa nyumbani akimngoja bibi yake. Bomba jingine la maji lilikuwa mwendo wa nusu siku.

Lori lilisimama nje ya shule. Aluel alikuwa langoni na dumu la maji na kikombe kimoja. Alikuwa mkimbizi kutoka Sudan Kusini, mwalimu huko kwao. Kila Jumatano akina mama hawa walimpelekea kuni kambini, na hawakuondoka kwake mpaka jua lilipoinama. Hapa hakuwa na kura. Alikuja tu kuwapa maji.

"Huyu ndiye anayewachelewesha!" Ewoi alisema. "Kuni gani zinauzwa kutwa nzima? Halafu mnarudi vidole vyeupe, kama watu walioiba unga."

Aluel alimpa Awoi kikombe cha kwanza, akamshika mkono.

"Usiharakishe, mama. Moja moja."

"Moja moja," Awoi aliitikia.

Ndani, karani aliyeitwa Kamande aliweka kidole cha Awoi kwenye mashine ya alama za vidole. Ikakataa. Akajaribu kingine. Ikakataa. Miaka ya kuni na kamba ilikuwa imeila ngozi. Kamande hakumkemea. Alilowesha kitambaa, akakipangusa kidole kile taratibu, kama cha mtoto aliyetoka kula. Mashine ikakubali.

Akapewa karatasi zake za kura. Akoru alikuwa ameshafika mlangoni, na nyuma yake wengine wote wamenyoosha shingo.

"Shosho," Kamande alimwuliza bibi huyo, "utaweka alama mwenyewe, ama usaidiwe?"

Ewoi, aliyekuwa tayari kwenye meza ya mawakala, aliinama mbele. Ufunguo ukagonga meza.

Akilini Awoi alimwona Akaale akiburuta mtungi mtupu. Aliyaona mawe manne. Akainua macho kwenye ukuta, juu ya kichwa cha Ewoi, palipobandikwa tangazo la mistari miwili, akayaacha huko kwa muda mrefu.

"Sema, mama," Ewoi alinong'ona. "Sema kama tulivyosema kwenye lori."

Midomo ya Awoi ilicheza bila sauti. Kisha akainua kidole kilichopanguswa, akakielekeza ukutani.

"Ku... ra," alisema. "Kura. Ya... ko. Kura yako. Ni. Siri."

Nyuma yake, mlangoni, sauti kumi na tatu zikaendelea kusoma mstari wa pili.