Mkono wa Mama

Picha yote ilikuwa imekamilika isipokuwa mkono wa mama. Firdausi alikuwa akiuchora na kuufuta tangu asubuhi.

Kwao Mzenga kila mtu alijua: mama yake Firdausi alimshika mwanawe wa kwanza shati, shati likachanika, mtoto akatumbukia kisimani. Lakini vidole vilivyoshika shati vilikataa kukaa sawa.

Mwishowe akaiacha brashi ifuate kile alichokiona utotoni. Kikatokea kiganja kilichokunjuliwa, kimetulia katikati ya mgongo wa kaka yake.

Mama, aliyetoka Mzenga kuja Sofu kumsalimia, alikuwa amesimama nyuma yake. Akanyoosha kidole, akakifuta kile kiganja taratibu, rangi ikiwa bado mbichi.

“Mwanangu,” akasema, “siku ile si ulikuwa umelala?”