Jumamosi za Stesheni

Kabla jua halijachomoza, Atupele alikuwa ameshamwogesha mumewe na kumvika koti. Sasa alimshika kwapani, akamvuta taratibu kuelekea garini. Mvua ya kwao Makandana ilikuwa inanyesha tangu juzi, na mgongo ulimuuma tangu mwaka jana.

"Leo tena treni, mama?" aliuliza Nelson, jirani mwenye teksi, huku akikunja kiti cha magurudumu cha mgonjwa.

"Ndiyo starehe aliyobakiwa nayo. Nitamnyimaje?"

Hosea, mumewe, aliendesha treni miaka thelathini na mmoja. Kiharusi kilipompooza upande mmoja, hakuomba kitu isipokuwa kimoja: kila Jumamosi apelekwe Mbeya, stesheni, akaangalie treni.

Atupele hakuwahi kulalamika. Usiku aliamka mara tatu kumgeuza. Alfajiri alikata majani ya ng'ombe, kisha uji, dawa, mashuka, shamba. Jumamosi angetamani abaki kwake tu. Lakini mgonjwa ni mgonjwa.

Saa tatu walikuwa wameshafika. Treni ya mizigo ilitarajiwa saa saba.

"Mzee, mbona tungeweza kuchelewa kidogo?" alisema Nelson. Siku zote huwasubiri garini, ila leo baridi ilimwingiza ndani.

"Napenda kuwahi," Hosea alijibu, maneno yakimtoka kwa shida. "Mama Gift, kaa kwenye benchi. Usinishike. Sianguki."

Atupele alikaa. Akauliza kama amefunikwa miguu vizuri. Akauliza kama ana kiu. Hakusikia jibu la pili; usingizi ulishamchukua, kichwa kimeangukia begani, kiatu kimoja kimemvuka.

Zikapita saa nne nzima.

Honi ilipolia kwa mbali, Nelson aliinuka haraka. "Inakuja, mzee. Ngoja nimwamshe mama."

"Mwache," alinong'ona Hosea.

"Basi nikugeuze mimi. Umeipa reli mgongo, hutaona kitu."

Hosea alitikisa kichwa. Macho yake hayakubanduka kwenye benchi.

"Treni nilizichoka kabla hata sijastaafu, mwanangu," alisema. "Ila nyumbani, huyu hakai chini."