Ruhusa ya Siku Kumi

Bi Irmtraud alikuwa amechoka kusubiri alipoitwa mezani katika ofisi ya kumbukumbu. Alitaka jambo moja tu: kitabu cha utumishi cha marehemu baba yake kiwekwe katika makumbusho ya mji, pamoja na picha aliyopigwa akiwa mchanga, kapakatwa na baba.

"Alikuwa polisi tu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia," alisema. "Mstari wa mbele hakwenda. Nilipozaliwa wakampa ruhusa aje anione."

Wendelin, mtunza kumbukumbu, alikifungua kitabu polepole. Vitabu vya namna hiyo alishasoma vingi mno, na uso wake ulionyesha. Kidole chake kilisimama kwenye muhuri mmoja.

"Ruhusa ya siku kumi, bibi. Ilitiwa saini tarehe tisa. Tarehe nane kikosi chake kiliwatoa Wayahudi wa kijiji kizima majumbani mwao, kikawapiga risasi msituni. Watoto pia."

"Labda yeye aliachwa alinde magari."

Wendelin alimgeuzia kitabu ajisomee mwenyewe. Sababu ya ruhusa: kazi nzuri ya jana. Kuhusu mtoto aliyezaliwa hapakuwa na hata neno.

Bi Irmtraud alisoma mara mbili, akavua miwani, akaivaa tena. Kisha akaivuta ile picha, akaifunika mikono ya baba yake kwa kidole gumba. Mtoto akabaki hewani, usingizini, hana wa kumshika.